Saginaw: Sufuri

Ambrose Petway hakuwa mwizi, na anayetaka kusema vingine akasemee mbali. Miaka ishirini na miwili aliuza muziki pale pale kwenye duka lake la kona, mjini Saginaw, Michigan, na hakuna mteja aliyewahi kumwona akimpunja. Alikuwa shemasi wa kanisa la Baptisti la mtaa wa pili. Jumapili duka lake halikufunguliwa hata uje unalia. Mtu akifiwa Jumamosi jioni na anataka kanda ya nyimbo za maziko, alijua ni kusubiri mpaka Jumatatu, na alisubiri bila kununa.

Basi mtu huyo huyo, pamoja na ushemasi wake wote, ndiye aliyemharibia bintiye. Inauma kusema, lakini ndivyo ilivyokuwa.

Bintiye aliitwa Jonelle. Mwaka huo wa 1998 alikuwa na miaka ishirini na sita, mama yake alishaolewa kwingine huko Texas, na yeye alikuwa akifua mashuka ya hospitali siku sita kwa wiki. Siku ya saba aliongoza kwaya. Sauti aliyokuwa nayo, jamani! Akishika mstari mmoja wa wimbo, wazee waliokuwa wamesinzia walikaa wima na kutafuta miwani. Jamaa mmoja wa kampuni ya muziki ya New York alipita Saginaw kwenye harusi ya binamu yake, akamsikia, na kabla ya mwezi kwisha Jonelle alikuwa studio.

Walirekodi nyimbo kumi na moja. Lakini kampuni hazitoi vitu hivi hivi tu. Walimwambia wazi: tutatoa wimbo mmoja kwanza, kwenye kaseti yake peke yake. Ukiingia kwenye chati, ile orodha ya nyimbo mia moja inayotoka kila wiki, albamu nzima inatoka Februari. Usipoingia, zote kumi na moja zinarudi kabatini na mkataba unaishia hapo. Jonelle akaacha kazi ya kufua. Alisema hawezi kwenda kuimba redioni huku mikono inanuka dawa ya mashuka.

Wimbo wenyewe ulikuwa "Shati Lako Bado Lipo," wimbo wa mwanamke aliyeachwa akabaki na shati la mwanamume mlangoni. Jonelle aliuimba taratibu, karibu bila ala. Kampuni wakasema nani ananunua wimbo mtupu namna hiyo mwaka huu? Wakaweka ngoma nzito chini yake, na katikati wakamwingiza kijana wa kurap, maana mwaka ule hakuna wimbo uliotoka bila kijana wa kurap kuingia katikati akataja saa yake ya dhahabu.

"Huyu naye anafanya nini kwenye nyumba ya mwanamke aliyeachwa?" Ambrose aliuliza aliposikia mara ya kwanza.

"Baba, ndio mtindo."

"Shati ni lake?"

"Baba!"

"Nauliza tu. Maana kama ni lake, alichukue aende zake tupumzike."

Jonelle alicheka mpaka akakaa chini. Alicheka sana miezi ile. Ambrose alikuwa akimtazama na kufikiri kwamba hajamwona hivyo tangu akiwa darasa la saba.

Sasa kuhusu mashine. Kwenye meza ya duka la Ambrose kulikuwa na mashine ya kusoma ile mistari myeusi iliyo mgongoni mwa kaseti. Ukipitisha kaseti, inalia mara moja, na hapo hapo kaseti hiyo imehesabiwa kuwa imeuzwa. Kila Jumapili saa sita za usiku hesabu za wiki zinafungwa, zinakwenda zenyewe kwa njia ya simu mpaka kwa wale watu wanaopanga chati. Maduka madogo yenye mashine hiyo yalikuwa machache, kwa hiyo kila kaseti ya kwa Ambrose ilihesabiwa kama kaseti kadhaa, kuwakilisha maduka madogo yasiyo na mashine. Kampuni zote zilijua hilo. Ndiyo maana walimpigia simu wao wenyewe, mzee wa Saginaw ambaye miaka yote walikuwa hawamjui.

Aliyepiga aliitwa Rochelle Vance, mwanamke wa kampuni aliyekabidhiwa wimbo wa Jonelle. Alipiga Jumamosi asubuhi, wiki moja kabla ya sikukuu ya Shukrani ya Novemba, ile ya kula batamzinga, theluji ya kwanza ikianguka. Jonelle mwenyewe alikuwa Indiana, akizungushwa kwenye vituo vya redio.

"Bwana Petway, nina hesabu mpaka jana Ijumaa," Rochelle alisema. "Tuko wa mia moja na tano."

"Mia moja na tano si mbali."

"Si mbali, lakini si mia. Na hii ndiyo wiki yetu. Wiki ijayo redio zinabadilisha nyimbo, wanaweka za Krismasi. Tusipoingia sasa, hatuingii tena."

"Mimi nimeshauza sabini na moja tangu Jumatatu."

"Najua. Naziona. Bwana Petway, wewe si unayo mashine pale mezani?"

"Ninayo."

"Basi. Mimi sijasema kitu. Nasema tu kwamba kila mtu kwenye biashara hii ana baba, au mjomba, au rafiki mwenye mashine."

Ambrose aliweka simu chini, akajifuta kipara. Alielewa. Nani asingeelewa? Alijiambia hapana, na akaipenda ile hapana, akafungua duka.

Na Jumamosi ile watu walikuja! Mchungaji alikuwa ametangaza kwenye ibada ya Jumatano, kwaya yote ikaja na makoti yao ya baridi, wakapanga mstari mpaka nje kwenye theluji. Odessa Crumpler, kiongozi wa sauti za juu, mwanamke wa miaka sitini na tano mwenye ulimi wa kisu, alinunua tatu.

"Dada Odessa, huna hata redio ya kaseti," Ambrose alimwambia.

"Nani kakwambia nataka kusikiliza? Huyo mtoto nimemfundisha kuimba mimi. Namsikia hata nikiwa nimelala. Pitisha hizo kwenye mashine yako, acha maneno."

Wakaja waliofanya naye kazi ya kufua. Wakaja watu wa kiwanda cha vyuma waliotoka zamu. Akaja mwalimu wake wa darasa la nne akitembelea mkongojo. Jioni Ambrose akatazama hesabu: mia moja arobaini na tatu kwa siku moja. Tangu afungue duka hilo hajawahi kuuza kitu kimoja namna hiyo. Mtu mwingine angerudi nyumbani akalala usingizi wa mtoto.

Yeye hakulala. Ndilo tatizo la Ambrose hilo. Alikuwa ametumia maisha yake yote kuwaona watu wazuri wa Saginaw wakifanya kila waliloweza na bado lisitoshe. Kiwanda kimoja kilifungwa ingawa walikusanya sahihi kukitetea. Shule ilifungwa ingawa waliiombea. Alilala macho darini akizidisha na kutoa. Mia moja arobaini na tatu, mji mmoja, nchi kubwa namna hii, itatosha nini?

Jumapili aliabudu, akapitisha sahani ya sadaka, akampa mchungaji mkono. Kisha, badala ya kwenda nyumbani kwenye kuku wake na mboga zake, akaingia dukani kwa mlango wa nyuma, suti ya kijivu mwilini na kofia kichwani. Ilikuwa saa nane mchana. Akachukua kaseti moja, yenye picha ya Jonelle ametazama pembeni, akaipitisha kwenye mashine. Ikalia. Akaipitisha tena. Ikalia. Alipofika hamsini alivua kofia. Mia moja, alivua koti. Alipofika mia tatu saa ilikuwa nane na dakika arobaini, mkono unamwuma begani, na alikuwa akilia bila kujua ni kwa sababu gani. Akazima mashine, akaenda kula kuku aliyepoa.

Alhamisi Rochelle akapiga simu. Hakusalimu.

"Wewe mzee, umefanya nini?"

"Nimefanya ulichosema."

"Mimi sikusema kitu! Mia tatu? Kaseti ile ile moja, moja baada ya nyingine, sekunde nane nane, Jumapili? Duka lako lina Jumapili ngapi limeuza kitu?"

"Hakuna hata moja."

"Hakuna hata moja! Miaka yote sufuri, sufuri, sufuri, halafu Jumapili moja mia tatu! Hata kipofu angeona. Wamelifuta duka lako."

"Si wafute hizo mia tatu..."

"Hawachambui, bwana. Wakikuta uongo wanafuta wiki nzima. Zile za uongo na zile za kweli, zote. Tumeishia wa mia moja na kumi na mbili."

Alisikia karatasi zikigeuzwa upande wa pili wa simu. Rochelle aliposema tena, sauti yake ilikuwa imeshuka, na hilo lilikuwa baya kuliko makelele.

"Nimeona hesabu za mwanzo, kabla hawajakata. Jumamosi yako ingetosha, Bwana Petway. Jumamosi peke yake. Tungeingia wa tisini na saba."

Ambrose akavua miwani akaiweka mezani.

"Albamu haitatoka. Nitampigia binti yako nimwambie hivyo tu. Haya mengine tusiyazungumze, wewe wala mimi. Unanielewa?"

"Naelewa."

Mchana ule ule alimpigia Cleotha Battle, rafiki yake mwenye duka la muziki kule Flint. Alimsimulia yote. Alitaka aambiwe kwamba ni bahati mbaya.

"Mfululizo?" Cleotha akauliza. "Ambrose, umezipitisha mfululizo?"

"Ningezipitishaje?"

"Mungu wangu. Mtu hapitishi mfululizo! Unaweka moja, unaweka ya yule mwimbaji wa kofia ya wachunga ng'ombe, unaweka ya wale wavulana watano wanaocheza kwenye mvua, ndipo unaweka yako. Unaanza Jumanne, unamaliza Jumamosi. Mtoto mdogo anajua!"

"Mimi sikujua."

"Sasa kama hukujua si ungeuliza?"

"Ningeuliza vipi, Cleotha? Nikupigie nikwambie mimi shemasi nataka nifundishwe kudanganya?"

Cleotha akasema pole. Lilikuwa neno la kweli, ila halikusaidia kitu.

Jonelle alirudi Ijumaa. Nywele alikuwa ameshatengeneza kwa ajili ya picha ya albamu, zimesukwa safi, zimepanda juu. Alikuja moja kwa moja dukani na begi lake la safari, na mkononi alikuwa na karatasi za faksi, zile ambazo kampuni humtumia mwimbaji kumwonyesha mauzo mji kwa mji. Akaziweka mezani, akaweka kidole kwenye mstari mmoja.

"Nisomee hapo, Baba. Labda mimi sioni."

Ambrose akavaa miwani. Detroit mia tatu na sita. Gary themanini. Toledo arobaini na nne. Saginaw: sufuri.

"Nilikupigia Jumamosi jioni," Jonelle alisema. "Ukaniambia watu wamekuja. Ukaniambia walipanga mstari kwenye theluji."

"Walikuja."

"Mama Odessa aliniambia kwenye simu amenunua tatu. Tatu! Akaniimbia na kibwagizo." Alicheka, lakini si kile kicheko cha zamani. "Walikuja wakafanya nini? Walikuja kuota moto? Hata mmoja, Baba? Ningepata hata moja ningejua kuna mtu mmoja."

Hapo ndipo alipotakiwa kusema. Neno lilimjia mpaka kwenye meno. Alimtazama bintiye, na zile nywele alizotengeneza, akaona kwamba akisema, atamkosa yeye pia. Hivyo ndivyo alivyojidanganya. Ukweli ni kwamba aliogopa, basi.

"Mashine nyingine hazina akili," akasema.

"Kumbe ulinionea huruma," Jonelle akasema. "Ulinitungia mstari wa watu nisiumie. Asante, Baba. Si kosa lako."

Si kosa lako! Alimbusu kwenye kipara akachukua begi lake.

Jumapili ile Jonelle hakwenda kanisani, wala iliyofuata. Odessa alimpungia mkono barabarani, yeye akavuka upande wa pili. Wale wenzake wa zamani wa kufulia walimletea keki ya pole, akaipokea mlangoni bila kuwakaribisha, akaiacha kwenye ngazi mpaka ikaganda. Mji mzima ukasema, ona, kuimba redioni wiki sita tu na kichwa kimeshavimba. Naye akasema moyoni, ona, watu niliokua nao, hata kaseti moja. Kila upande ulikuwa na hasira ya haki, na mtu pekee aliyeweza kuimaliza alikuwa akipanga kaseti kwenye rafu.

Mara mbili Ambrose alijaribu. Mara ya kwanza Jonelle alikuwa na homa. Mara ya pili ilikuwa siku aliyorudi kuomba kazi yake ya kufua, akapewa zamu ya mchana ambayo hakuna anayeitaka, na Ambrose akaona si siku ya kumwongezea. Visingizio haviishi. Mpaka Februari, mwezi ambao albamu ingetoka, alikuwa hajajaribu tena.

Machi wimbo ukarudi. "Shati Lako Bado Lipo," ngoma ile ile, kijana yule yule na saa yake ya dhahabu, ila mwimbaji alikuwa msichana wa miaka kumi na tisa kutoka Atlanta, mwenye kiuno cha kuonyesha kwenye televisheni. Wimbo ulikuwa mali ya kampuni na wao walimpa waliyemtaka. Walimfundisha kuuimba kwa kufuata kanda ya Jonelle, pumzi kwa pumzi, hata pale anaposita kabla ya neno "mlangoni." Wiki ya kwanza uliingia kwenye chati wa thelathini na nane.

Siku hiyo Jonelle alikuwa dukani akimsaidia baba yake kubandika bei kabla ya zamu yake, redio imewashwa, wote wawili wanausikia na hakuna aliyenyoosha mkono kuizima. Mlango ukafunguka kwa kishindo. Alikuwa Odessa Crumpler, kofia imekaa upande.

"Mnasikia? Mnasikia wanavyomwibia mtoto wetu?" Ndipo akamwona Jonelle. "Na wewe! Unavuka barabara ukiniona, sawa, vuka, miguu ni yako. Lakini huo wimbo ni wako na mimi nitawapigia simu hao watu wa redio mpaka wabadilishe namba."

"Usijisumbue, Mama Odessa," Jonelle akasema bila kuinua macho. "Ulipokuwa wangu hukuununua."

"Nini?"

"Nimesema hukununua. Wewe wala mwingine. Nina karatasi inayosema hivyo. Mngeniambia tu hamna nafasi, nisingekasirika."

Odessa alimtazama kama anayemtazama mgonjwa. Kisha akafungua mkoba wake mkubwa mweusi, akachakura kati ya leso na pipi za kikohozi na matangazo ya ibada, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa, akakinyoosha mezani kwa kiganja.

"Mimi situpi risiti. Soma. Kaseti tatu. Jumamosi, saa tano na robo asubuhi. Mbele yangu kulikuwa na mwalimu wako wa mkongojo, nyuma yangu kwaya nzima, tumeganda masikio. Nani kakwambia hatukununua?"

Jonelle aliisoma. Aliisoma mara ya pili. Kisha akainua macho, si kwa Odessa.

"Baba. Hizi zilikwenda wapi?"

Ambrose akasema. Alisema yote akiwa amesimama, mikono juu ya mashine: simu ya Rochelle, Jumapili, suti, mia tatu, wiki nzima iliyofutwa, na ule mwezi wa Novemba aliponyamaza, na Desemba, na Januari, na Februari. Alisema hata lile la tisini na saba, ambalo angeweza kulificha. Odessa alikaa kwenye kiti cha wateja akaweka mkono mdomoni.

"Nilitaka uingie," akamalizia. "Mwanangu, nilitaka tu uingie."

Jonelle alikuwa na kibandiko cha bei kwenye ncha ya kidole. Alikitazama muda, akakibandika taratibu mahali pake kwenye kaseti.

"Jumamosi ile peke yake uliuza ngapi?"

"Mia moja arobaini na tatu."

"Uliwaona kwa macho yako. Mmoja mmoja."

"Niliwaona."

"Na ukaona haiwezekani." Hakupandisha sauti. "Kampuni sikuwalaumu, hawanijui. Lakini wewe, Baba, uliona watu wamesimama kwenye theluji kwa ajili yangu, ukaenda nyumbani ukaamua haiwezekani."

"Sikuwa na shaka na wewe..."

"Ulikuwa nayo. Ndiyo maana ulipitisha mia tatu."

Ambrose akaondoa mikono juu ya mashine. Redioni msichana wa Atlanta alifika kwenye neno "mlangoni", akasita, akaliimba. Odessa akainuka akaizima.

Jonelle akavaa koti lake. Akamwambia Odessa samahani, na Odessa akamshika mkono akamsindikiza mpaka mlangoni. Kisha Jonelle akaenda hospitali, kwa sababu zamu ilikuwa inaanza saa tisa na mashuka ya Jumanne huwa mengi.